Shokapu Hazikuwa na Kosa

Kelele ilianza wiki ya pili ya masika. Kutoka kwangu Goba, Dar es Salaam, hadi lami kuna kipande cha udongo cha kama kilomita moja na nusu. Mvua ikinyesha kinakuwa mto, ikikatika kinabaki na mifereji iliyolala mshazari, kiasi kwamba tairi moja iko juu wakati mwenzake yuko chini. Hapo ndipo mguu wa mbele kushoto wa gari langu ulipoanza kusema: ngo, ngo-ngo, ngo. Nikifika lami, kimya. Naongeza sauti ya redio, nasahau mpaka jioni nikirudi.

Gari lenyewe ni Toyota Spacio ya mwaka 2003, ile tunayoiita nyumodo, cc 1500, namba C. Lilishakula barabara za Japani kabla halijaja kula zetu, kwa hiyo sikutegemea litembee kimya kama maji mtungini. Nikakaa na kelele ile miezi miwili, kwa sababu ile ile inayotukalisha wengi na kelele za magari yetu: lilikuwa linatembea.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma gereji. Alisema hawezi kupanda gari linalobisha hodi safari nzima.

Fundi wa kwanza alibonyeza boneti mara tatu, akaliacha gari linese, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, shokapu zimekwisha hizi." Nikamuuliza ana hakika? Akabonyeza tena, kana kwamba jibu liko ndani ya boneti. Shokapu mbili za mbele pamoja na ufundi zikanitoka shilingi 240,000. Nililipa, nikaondoka gereji nimeketi wima kama mtu mwenye gari jipya. Lami yote, safi. Nikakunja kuingia njia yetu ya udongo, mfereji wa kwanza: ngo-ngo.

Nilisimama palepale. Nikazima injini, kana kwamba tatizo ni mimi sikusikia vizuri.

Niliporudi, fundi hakutahayari hata kidogo. "Basi ni boljointi." Tukabadilisha boljointi, zile goti za kigololi zinazoushika mguu wa tairi kwa chini. Nisimwonee, ya kulia ilikuwa na mchezo kweli, niliishika mwenyewe kwa mkono. Ila kelele ilikuwa ya kushoto, na kushoto ikabaki. Mara ya tatu akataja stelingi raki, kile chuma kinachopeleka usukani kwenye tairi. Aliponitajia bei ya raki, nikasema nitarudi mwisho wa mwezi, na sote wawili tulijua sirudi. Alipokuwa ananiaga akaniambia nikafanye alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa tairi, maana "chini kumeguswa". Nikafanya. Hiyo nayo ni hela.

Sasa niseme jambo linaloniaibisha kidogo. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Sekondari. Nguvu, momenti, chuma kinavyojikunja na kurudi, hivyo ndivyo vinavyonilisha. Na katika wiki zote hizo sikuwahi kukaa chini nijiulize swali moja la kitoto: kelele hii inatokea lini, na lini haitokei?

Aliyeniuliza ni jirani yangu, mzee aliyeendesha mabasi ya mikoani miaka mingi kabla ya kustaafu. Jioni hukaa nje ya geti lake na kiti cha plastiki na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Hilo gari lako nalisikia kabla sijaliona."

Nikamweleza: shokapu mpya, boljointi mpya, alaimenti juu yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa, ndipo akauliza.

"Lile tuta la pale shule ya msingi. Ukilivuka, linagonga?"

Nikafikiri. Nalivuka kila siku mara mbili. "Hapana. Pale huwa kimya."

"Na tairi moja ikiingia shimoni?"

"Hapo ndipo linapogonga."

"Basi kaangalie linki za stabilaiza. Na raki ya watu uiache."

Nililala nikiwaza swali lile kuliko jibu lake. Asubuhi nikaelewa, na nilielewa kwa kuwatazama wanangu wawili wakikamua blanketi uani. Ukiwa umeshika ncha moja na mwenzako ncha nyingine, mkizungusha wote upande mmoja kwa pamoja, blanketi linazunguka tu, halikamuliki. Mmoja akizungusha na mwingine akakaza, ndipo linapojisokota na maji yanatoka.

Stabilaiza ni hivyo hivyo. Ni fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa kama herufi U pana, imelala chini mbele kutoka kushoto kwenda kulia, imeshikwa na bushi mbili za raba. Kila ncha yake imeunganishwa na mguu wa gari kwa kijiti kifupi chenye kigololi kila mwisho. Kijiti hicho ndicho linki. Ukivuka tuta, tairi zote mbili zinapanda pamoja, fimbo inazunguka ndani ya bushi zake bila kusokotwa, linki haibebi mzigo wa maana. Tairi moja ikizama peke yake, au ukikata kona gari likataka kulala, ncha moja inapanda na nyingine inashuka, fimbo inasokotwa na kuvuta kinyume ili gari lisiinamie upande. Nguvu yote hiyo inapita kwenye vile vigololi. Vikiwa vimelegea, kila mara mzigo unapogeuka kutoka kuvuta kwenda kusukuma, kigololi kinagonga ukuta wa kikombe chake. Ngo-ngo.

Lile tuta la shule lilikuwa limeniambia yote hayo mara mbili kwa siku, miezi minne.

Nilikwenda kuangalia mwenyewe Jumamosi. Na hapa nikagundua kwa nini gereji hawakuiona. Fundi alikuwa ameinua upande mmoja kwa jeki, akashika tairi juu na chini, akatikisa. Kwa boljointi ni sawa kabisa. Lakini ukiinua upande mmoja, mguu ule unaning'inia wakati mwenzake uko chini na mzigo, kwa hiyo fimbo tayari imesokotwa, na linki imekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Uitikise vipi, haitacheza. Ugonjwa unajificha palepale unapotafutwa.

Nikaliacha gari kwenye sakafu tambarare, likasimama kwa miguu yake yote minne. Nikakata usukani mpaka mwisho ili nipate nafasi ya kupitisha mkono nyuma ya tairi. Nikaweka kidole juu ya kigololi cha juu cha linki ya kushoto, nikamwambia kijana wangu alisukume gari kwa ubavu, taratibu, aliache, alisukume tena. Kidole kikasikia kabla ya sikio: tk. Tk. Nikashika linki yenyewe nikaichezesha. Ilikuwa kama jino la mtoto wa miaka sita, linalosubiri uzi tu.

Kile kiraba kinachofunika kigololi kilikuwa kimepasuka. Hapo ndipo linki hufia. Kiraba kikishapasuka grisi inatoka, mchanga unaingia, na kilichobaki mle ndani ni uji wa rangi ya kutu unaosaga chuma kwa chuma. Niliusugua kati ya vidole viwili, ukakwaruza kama mchele wenye mawe. Ya kulia kiraba chake kilikuwa kizima juu, chini kimekwisha.

Nilipozungumzia habari hii kazini, mwenzangu mmoja akasema, "Si uzing'oe tu zote mbili? La kwangu halina mwaka wa pili." Ni kweli kwamba zikitolewa kelele inaisha, na kwa kupima tu ni njia nzuri: unazitoa, unaendesha pole pole mtaani, ukisikia kimya umeshampata mwizi. Lakini kutembea nalo hivyo mwaka wa pili? Lake nilishawahi kulipanda. Bodaboda ilikatiza ghafla barabara ya Makongo, akakwepa, gari likalala upande wa abiria mpaka nikashika dashibodi kwa mikono miwili. Nilidhani ndivyo anavyoendesha. Kumbe.

Kariakoo nilikwenda Jumatatu baada ya vipindi, upande wa Gerezani, nikiwa na linki kichwani tu, sikuwa nimeifungua. Hilo lilikuwa kosa, dogo lakini kosa. Duka la kwanza walinionyesha mbili zilizofanana kwa macho, moja ndefu kuliko nyenzake kwa kama upana wa kidole, na sikuwa na ya kulinganishia. Bei zilianzia shilingi 20,000 kwa jozi hadi mara tatu yake na zaidi. Muuzaji, kijana mchangamfu, aliniambia za bei ya chini "zinatoka kiwanda kile kile, mzee wangu, tofauti ni boksi tu." Nilitaka kumwamini, maana mkoba wangu ulikuwa umeshalegea kuliko linki. Nikachukua za 20,000.

Kazi yenyewe. Jioni kabla ya siku yake nilipuliza dawa ya kutu kwenye nati zote nne na kuziacha zilale nayo. Asubuhi nikaweka mawe nyuma na mbele ya tairi za nyuma, nikafungua kidogo nati za tairi likiwa bado chini, nikainua upande wa kushoto kwa jeki ya buti, nikasukuma gogo la mti chini ya chasi. Tafadhali, tofali la saruji usiliweke. Tofali halikuagi, linapasuka mara moja. Na ile tairi niliyoitoa nikailaza chini ya ubavu wa gari, ili hata likishuka lisinifike.

Nati ya linki kwenye gari langu ni ya milimita 17. Nikatia spana, nikavuta, ikazunguka vizuri mno. Nikavuta tena, ikazunguka. Nilikuwa nimeshaanza kujisifu nilipotazama kwa nyuma nikaona bolti nayo inazunguka pamoja na nati, kigololi na vyote, mle ndani ya kikombe. Ningeweza kuzungusha mpaka Idi.

Dawa yake ipo mbele ya macho, ila imezikwa. Kwenye ncha ya bolti kuna tundu la pembe sita, unatia elenkii (kile kijiti cha pembe sita) ya milimita 6 uishike bolti isizunguke huku unageuza nati kwa ringi spana. Ringi, siyo boksi spana, kwa sababu boksi inaziba tundu. Sasa tundu lile kwenye gari la Goba halionekani kuwa ni tundu, limejaa udongo uliokauka kwa miaka. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikalichokonoa mpaka nikaona chuma kinang'aa chini kabisa. Hatua hii nusura niiruke, na ningeiruka elenkii ingeingia nusu na kula kona zote. Nati ya juu ikakubali, huku ikipiga kelele, mzunguko mmoja mmoja.

Ya chini nilikuwa na haraka. Sikuchokonoa vya kutosha. Elenkii ikaruka, tundu likawa duara, na baada ya hapo hakuna cha kushika. Nilijaribu kubana kwa vaisigripu, lile koleo la kujifunga, nyuma ya kiraba, ikateleza. Nikamaliza kwa msumeno wa chuma, nimelala ubavu, vumbi la chuma linaniingia shingoni, dakika arobaini nzima kukata bolti isiyozidi unene wa kidole changu. Gereji wangetumia grainda wakamaliza mara moja, lakini cheche karibu na raba ya ekseli sikuzitaka. Raba ile ikiungua, umeanzisha kazi nyingine.

Linki mpya ikaingia juu vizuri. Chini, bolti na tundu la stabilaiza vilikuwa vimepishana kama vidole viwili. Nikasukuma kwa mkono. Nikasukuma kwa mguu. Nikaleta mtaimbo, nikaukita, nikaegemea kwa uzito wangu wote, ukateleza, ngozi ya vifundo viwili vya vidole ikabaki kwenye chuma. Ndipo nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

"Mwalimu, unapigana na nani?"

Alikuwa yule mzee na kikombe chake. Nikamwonyesha. Hakuinama hata kutazama. "Nyanyua na upande wa pili. Unashindana na stabilaiza yenyewe."

Niliinua kichwa nikamtazama, na naapa nilijisikia niko kidato cha kwanza. Lile blanketi! Nilikuwa nimeinua upande mmoja, fimbo imeufuata mguu wa kulia uliobaki na mzigo, na mimi najaribu kuisokota kwa mtaimbo. Tukaazima jeki nyingine kwa kijana wa bajaji, tukainua kulia nako, gogo chini. Miguu yote miwili ikaning'inia sawa, na ile ncha ikashuka yenyewe mpaka mbele ya tundu. Bolti ikaingia kwa vidole viwili.

Upande wa kulia ulinichukua robo saa. Nilichokonoa matundu mpaka nikaweza kusoma kilichomo ndani.

Nati nilitumia zile mpya zilizokuja na linki. Za zamani hazirudishwi, zile ni za kujikaza zenyewe, zikishafunguka zimeshapoteza ukaidi wao. Mkazo wake kitabu cha gari kinasema Nyutoni-mita 74. Nyumbani sina spana ya kupimia mkazo, niliiazima kwa jamaa anayefanya kazi karakana. Nimeona mafundi wakitia bomba kwenye spana na kulikanyaga, na nimeona pia nyuzi za bolti zikinyooka kama tambi. Nikahakikisha pia kwamba viraba havikujisokota wakati wa kukaza, maana kiraba kilichosokotwa kimeshaanza safari ya kupasuka.

Alaimenti sikwenda. Linki haigusi pembe wala mwelekeo wa tairi, ukiibadilisha tairi inabaki ilipokuwa. Ile niliyofanya baada ya boljointi nilielewa. Ya safari hii ingekuwa sadaka.

Nikatoka kwenda kujaribu. Mfereji wa kwanza: kimya. Wa pili: kimya. Nikapita pale pabaya kuliko pote, karibu na mti wa mwembe, tairi ya kushoto ikazama: ngo!

Sitaeleza nilichosema. Nilisimama, nikashuka, nikazunguka nyuma, nikafungua buti. Jeki. Nilikuwa nimeirudisha bila kuifunga kwenye kishikio chake.

Ningependa kusema hapo ndipo palipoishia. Zile linki za 20,000 zilidumu miezi minne na siku kadhaa. Mvua za vuli zilipoanza, mtoto wangu mdogo ndiye aliyesema, "Baba, imerudi." Nilipozitoa, kiraba hakikuwa kimepasuka, kilikuwa kimechomoka tu, kwa sababu pete inayokibana ilikuwa waya mwembamba kama wa kufungia mkate. Kwa hiyo safari ya pili Gerezani nilikwenda na ya zamani mkononi. Nilipima urefu kaunta. Nikashika bolti ya kila linki kwa vidole na kujaribu kuigeuza: nzuri inakataa, inageuka kwa kulazimishwa, nzito na laini kwa pamoja. Ikilegalega kama bawaba ya mlango, irudishe kwenye boksi hata kama boksi limeandikwa Kijapani mbele na nyuma. Kijana yule mchangamfu alinitazama nikikataa jozi tatu, akanyanyua ngazi akaniletea kutoka rafu ya juu. "Hizi ndizo anazochukua mzee mwenye duka kwa gari lake," akasema. Nililipa 65,000. Kazi nzima, na jeki mbili tangu mwanzo, ilinichukua dakika hamsini, na hakuna ngozi iliyobaki kwenye chuma. Huu ni mwaka wa pili.

Kuna mlio mwingine siku hizi, mdogo, mzito zaidi, kama mtu anayeshusha gunia chumba cha pili. Nadhani ni bushi za stabilaiza, zile zinazoishika fimbo katikati. Zimejificha nyuma karibu na raki, mkono haufiki, na hizo nitampelekea fundi, ila safari hii nitakwenda nikiwa najua ninachomwambia.

Linki moja ya zamani niliisafisha kwa dizeli nikaipeleka shule. Wiki ya kufundisha momenti na msokoto huwa naitoa mfukoni, naichezesha mbele ya darasa, kigololi kinagonga, tk-tk, wanafunzi wanacheka. Nawaita wawili mbele na taulo lililoloa, wanakamua, maji yanatapakaa sakafuni, nachora ile U ubaoni. Mwaka huu nilipomaliza kueleza, binti mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono akauliza kwa adabu zote kwamba, je, zile shokapu za mwanzo zilikuwa shilingi ngapi.

Nikamwambia afungue daftari, aandike tarehe.